Sitaki Kuni za Mtu

Jumatatu, 10 Juni

"Majira ya baridi hakuna mapenzi kisiwani hapa, kuna kuni tu. Ukiona mwanamke anamchekea mwanamume mwezi wa Juni, jua ameshalichungulia banda lake la kuni."

Hayo ni maneno ya Evaristo Cárcamo, mtangazaji wa redio yetu, asubuhi ya leo, kati ya taarifa ya kivuko na matangazo ya vifo. Hakutaja jina. Angetaja la nini? Jana baada ya misa nilimchekea Baldomero Nahuelquín mbele ya kanisa, mvua ikinyesha, na Evaristo alikuwa kando yetu akihangaika na mwavuli wake.

Uongo mtupu! Naukanusha hapa hapa. Bibi yangu aliolewa mwezi wa Julai na mtu ambaye hakuwa na hata kijiti cha kuchokolea meno. Tena, kama wanawake wa hapa wangependa kuni, wangeolewa na msitu. Nami ni mwalimu wa historia, mwenye miaka hamsini na tatu, niliyesoma vitabu vingi kuliko vilivyomo katika maktaba ya manispaa, na sijawahi kumtazama mwanamume banda. Baldomero nimemtazama mikono. Ni fundi wa vigae vya mbao. Nusu ya nyumba za kijiji hiki zimevaa kazi yake. Ni mgane, mwaka wa nne sasa. Na humsikiliza mtu mpaka amalize. Wangapi hapa kisiwani humsikiliza mtu mpaka amalize? Hata mimi siwezi.

Jambo moja nalikubali, maana mimi sifichi. Kuni zangu ni mbichi. Mwezi Machi nilidanganywa na muuzaji kutoka bara, akanishusha mlangoni shehena ya maji yenye magome. Zinatoa moshi mweupe, mzito, unaotambaa juu ya paa kama shuka iliyolowa, na kwetu moshi mweupe ni sawa na kusimama kanisani ukatangaza umaskini wako. Kijiji kizima kinajua. Banda la Baldomero nalo limejaa kuni kavu za luma, mti wetu mgumu kuliko yote, zilizokaa miaka miwili, zimepangwa kama vitabu. Hilo pia kijiji kizima kinalijua. Ndiyo maana Evaristo alisema, na ndiyo maana watu walicheka.

Basi mpango ni huu. Nitampata Baldomero kabla majira haya hayajaisha. Nitampata bila kupokea ukuni mmoja kutoka banda lake. Kisha Evaristo ataomba radhi hewani, kabla ya matangazo ya vifo, watu wakiwa bado wanasikiliza.

Wifi Nolfa, ukiwa unasoma daftari hili tena, lirudishe chini ya godoro.

Jumatano, 12 Juni

Nimemwalika Baldomero chai. Akakubali!

Tatizo likawa jiko. Kuni zangu zililia badala ya kuwaka. Nilipuliza mpaka nikaona nyota. Jikoni kulikuwa na baridi ya kugandisha maziwa, na mgeni alikuwa anafika saa kumi. Nikaitazama rafu ya vitabu ya sebuleni. Mbao kavu, ya zamani, kazi ya babu yangu. Nikachukua shoka.

Rafu iliwaka vizuri ila ikaisha upesi. Nikavitazama vitabu vilivyobaki sakafuni. Nikachagua juzuu tatu za mwanahistoria mmoja wa mji mkuu aliyeandika kwamba watu wa visiwani hawana historia, wana hali ya hewa tu. Nimebishana na mtu huyo miaka ishirini. Leo ndiyo mara ya kwanza hoja zake kunipa joto.

Baldomero alifika amevaa poncho ya sufu, na chini ya poncho alikuwa amekumbatia mzigo wa luma, umefungwa kwa kamba safi. Akauweka kando ya jiko kama mtu anayelaza mtoto.

Nikamweleza msimamo wangu. Kwa utulivu kabisa. Nilianzia enzi za ukoloni ili aelewe vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

"Mwalimu," akasema nilipomaliza, "nimeleta kuni kwa sababu kuna baridi."

Nikamwambia hiyo ndiyo hasa hoja ya adui. Hakuuliza adui yupi. Akaketi. Tukapokezana kibuyu kimoja cha chai, mrija mmoja, kama desturi yetu, mimi nikinyonya yeye akingoja, yeye akinyonya mimi nikisema. Alilitazama jiko, mguu wa mwisho wa rafu ukiungua na vanishi ikinuka nyumba nzima. Aliponirudishia kibuyu vidole vyetu viligusana. Vyake vilikuwa vya moto kama mkate.

Alipoaga, nilimwonyesha mzigo wake. Akauinua, akauweka begani, akatoka nao mvuani, akapita kijiji kizima akiwa ameubeba.

Ushindi!

Alhamisi, 13 Juni

Si ushindi.

Njiani Baldomero alikutana na Herminda Chiguay, mwoka mikate wa pale kona ya kanisa. Herminda ni mjane, mnene wa mashavu, na hacheki bila kuonyesha meno yote. Alimwuliza anatembeza kuni mvuani kwa nadhiri gani. Naye kwa kuwa hajui kusema uongo akamwambia: Mwalimu hazitaki. Herminda akasema maskini, zisilowe bure, ziingie tu huku ndani.

Habari hizi kaniletea wifi Nolfa, mke wa kaka yangu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alikuja nazo asubuhi akiwa na mkate wa Herminda mkononi, bado unatoa mvuke, akautafuna mbele yangu. Nikatoka nje kuangalia. Moshi wa Herminda leo ni wa bluu, mwembamba, umesimama wima juu ya bomba kama uzi. Ule ni moshi wangu! Unatoka nyumba ya mtu mwingine!

Nolfa akaniuliza kama sasa akili imenirudi. Nikamwambia akili haikuwahi kuondoka, kinachokosekana ni haki ya kujibu. Kesho nakwenda redioni.

Ijumaa, 14 Juni

Nimejibu. Nilipewa muda mfupi, nikautumia mrefu. Taarifa ya kivuko haikusomwa, na nasikia watu walisimama gatini wakingoja chombo kilichokwisha kuondoka. Vita havikosi majeruhi.

Nilimbomoa Evaristo. Nilimwonyesha kwamba hoja yake ni ya mfanyabiashara, inamfanya mwanamke mnunuzi na mwanamume duka. Yeye alikaa upande wa pili wa meza akinyonya chai yake polepole, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Nikimaliza jambo, anasema "ehee." Nikimaliza jingine, "ehee." Kisha akaniuliza kwa upole kama Mwalimu, yeye mwenyewe, kwa hali ya jiko lake inayojulikana, anaweza kuapa mbele ya wasikilizaji kwamba hatafuti kuni.

Nani atanitishia kiapo?

"Mimi Zunilda Mansilla," nikasema, "sitaki kuni za mtu. Mwanamume yeyote wa kisiwa hiki akiniletea kuni mlangoni, atarudi nazo alikotoka, kama alivyorudi nazo wa juzi."

Evaristo akasogeza kinywa karibu na kipaza sauti.

"Wasikilizaji mmesikia," akasema. "Hasa wewe uliyeko juu ya paa la shule wakati huu."

Baldomero anapigilia vigae vya paa la shule wiki hii. Redio huitundika kwenye ngazi. Kila mtu anajua hilo. Mimi pia nilikuwa najua.

Mjadala nilishinda. Hata Nolfa hakatai kwamba nilishinda. Jioni Baldomero alipita mbele ya dirisha langu, akagusa ukingo wa kofia, hakuinua uso. Wa juzi! Kwa nini nilisema wa juzi?

Hata hivyo hoja ilihitaji mfano.

Jumapili, 16 Juni

Kanisani nilikaa benchi la nyuma yake makusudi ili tupeane mkono wa amani. Nikampa. Akaushika, akasema "amani, Mwalimu," akaugeukia mkono wa Herminda. Huo aliushika muda mrefu zaidi? Sina hakika. Padri alianza kuimba nikapoteza hesabu.

Usiku mzima nilivaa koti kitandani. Sijalalamika.

Lakini kuna nafasi. Keshokutwa Baldomero anachinja nguruwe. Siku kama hiyo hakuna anayealikwa na hakuna anayekosa. Kijiji chote huenda: wengine kushika miguu, wengine kuosha utumbo, wengine kukuna viazi, na wote kusimama kuzunguka sufuria kubwa mafuta yanapoyeyuka. Nitakwenda. Nitafanya kazi kuliko wote. Mtu aseme basi kwamba nimekuja kuota moto!

Jumanne, 18 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nilifika wa kwanza. Nikapewa mwiko na sufuria, heshima kubwa, maana vipande vya mafuta vinataka mtu asiyeondoa jicho. Niliukamata mwiko. Moto wa luma chini, mvua juu ya bati, harufu ya kuondoa huzuni. Baldomero alikuja akasimama upande wa pili wa moto. Akaniuliza kama nimeshapata kuni nyingine. Nikamwambia sijapata, sijatafuta. Akasema ehe. Akasema paa la shule linaelekea kuisha. Nikasema nimeliona, vigae vimelala vizuri. Akainamisha uso akitabasamu! Mimi na yeye tu, na nguruwe.

Ndipo akafika Evaristo na kodiani yake, na nyuma yake Herminda na sinia la unga. Herminda akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ufukweni kwamba kumbe Mwalimu ameukaribia moto wa mtu. Watu wakacheka. Evaristo akapiga kodiani kidogo, mlio mmoja tu, wa kuchokoza.

Ningenyamazaje? Niliwageukia wote wawili. Niliwaambia moto huu ni wa shughuli, si wa mtu, na nikawaeleza tofauti kati ya mali ya umma na mali binafsi kama ilivyojulikana na wahenga wetu kabla ya Wahispania. Nilikuwa katikati ya hoja nilipoona Nolfa akinifanyia ishara kwa nyusi. Nikadhani ananipongeza.

Sufuria nzima iliungua.

Si kuungua kwa kupindukia. Vipande vilikuwa vyeusi pembezoni, vimekunjamana kama masikio ya wazee. Nguruwe wa mwaka mzima! Herminda akaninyang'anya mwiko. Baldomero akainama, akachukua kipande kimoja, akakitafuna akiangalia mvua.

"Mimi navipenda hivi," akasema. "Vikiungua kidogo."

Kisha kila mtu alipokuwa akiondoka alipewa yoko yake ya kwenda nayo nyumbani, sahani ya kila kitu kidogo kidogo: soseji ya damu, maandazi, mkate wa viazi, nyama. Nolfa alipewa. Evaristo alipewa. Herminda alipewa mbili, moja ya mama yake. Mimi nilitoka mikono mitupu. Nilisimama getini kidogo, nikijifanya nafunga kitambaa. Hakuna aliyeniita.

Vizuri. Sikwenda kutafuta chakula.

Jumatano, 19 Juni

Amekuja mwenyewe!

Asubuhi, kabla sijaenda shule. Nilifungua mlango nikiwa nimejifunga blanketi mbili. Baldomero alisimama kwenye matope na sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe. Si sahani ya bati wanayogawia watu. Ni ya udongo mweupe yenye maua ya bluu ukingoni, ile iliyokuwa kwenye kabati la marehemu mkewe. Tangu mazishi hakuna aliyeiona mezani. Akasema jana hakutaka kunipa kwenye bati, na kwamba vilivyoungua ameniwekea vyote. Akagusa kofia. Akaenda zake.

Nililia kidogo. Moshi.

Nimekula nusu nikiwa nimesimama. Kisha nikakaa nikafikiri, na hapo ndipo kosa la watu wengi hujulikana: hula bila kufikiri. Evaristo atasemaje? Atasema Mwalimu alikataa kuni kwa kuwa alichotaka ni nyama. Atasema kesho hewani, kati ya kivuko na vifo. Na desturi inasemaje? Yoko hurudishwa, sahani imejaa, siku na wewe utakapochinja nguruwe wako. Mimi sina nguruwe tangu mama alipofariki. Watu huniletea kidogo kama mwalimu wa watoto wao, na Nolfa hurudisha kwa niaba ya ukoo. Ila hii si ya ukoo. Hii ni yangu. Basi nikae na deni la mwanamume mpaka lini?

Kesho sina vipindi. Nakwenda mjini Castro.

Alhamisi, 20 Juni

Kivuko cha kwanza, bahari mbaya, mtu mmoja alinitapikia kiatu. Castro nilinunua nyama ya nguruwe ya buchani, soseji, na maandazi ya duka. Nilirudi jioni nimelowa mpaka kwenye mifupa. Nikaosha sahani ya maua ya bluu. Nikaijaza. Nikaijaza kupita alivyoijaza yeye! Soseji zilining'inia pembeni kama mikono ya mlevi.

Nikagonga mlango wake. Akafungua. Nikampa sahani nikamwambia: tumelipana, Bwana Baldomero, mimi na wewe hatudaiani.

Aliitazama sahani. Akaitazama soseji ya buchani, iliyo na kikaratasi cha duka bado. Akasema, "Haya, Mwalimu." Akafunga mlango polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Nadhani ameshangazwa na hadhi yangu.

Ijumaa, 21 Juni

Nolfa ameingia bila kubisha. Mara hii hakuwa na mkate. Akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli, na kwamba ni mara ya kwanza katika historia ya kijiji yoko kurudishwa kwa wakati.

"Wifi," akasema, "yoko inayorudi siku ya pili si yoko. Ni kumwambia mtu tusijuane."

Nikamwambia desturi hiyo naijua, nimeifundisha darasani. Yeye akaketi juu ya vitabu vyangu, maana rafu hakuna, akaniambia ningeijua nisingeifundisha vile. Kwamba mtu akikupa sahani mwaka huu, mwakani anaitazama njia. Mtu anayetazamia sahani yako hawezi kukusahau. Kwamba watu wawili wakidaiana namna hiyo wanazeeka pamoja bila hata kukubaliana. Nami nimemlipa mgane wa watu kama muuza duka, na kikaratasi juu.

Nikamjibu kwamba hiyo ni tafsiri moja tu.

"Sahani ile ameirudisha kabatini," akasema Nolfa. "Herminda kaona kwa macho yake, alipompelekea mkate."

Nimeufunga mlango. Nimeketi na blanketi zangu. Hoja yangu bado ni sahihi. Naandika hapa ili ijulikane: hoja yangu bado ni sahihi, na sina mtu wa kumwambia.

Jumatatu, 24 Juni, sikukuu ya San Juan, Yohane Mbatizaji

Jana Nolfa aliniletea viazi vitatu vya kuweka chini ya kitanda mkesha wa San Juan, kimoja kimemenywa, kimoja nusu, kimoja na ganda lake. Asubuhi unaingiza mkono bila kuangalia: cha ganda ni mwaka wa neema na mchumba mwenye mali, cha nusu ni hivi hivi, kilichomenywa ni mwaka mkavu, bila mali wala mchumba. Nikamwambia mimi ni mtu wa kusoma. Nikaviweka kwa uchunguzi.

Nilitoa kilichomenywa. Nikarudia, kwa kuwa jaribio moja si ushahidi. Kilichomenywa. Nikavila vyote vitatu. Vilikuwa vibichi, maana jiko halikuwaka.

Kutwa nzima kijiji kilinuka mchuzi wa sikukuu. Nilikuwa nimekaa na koti jikoni nikimwandikia Evaristo waraka mrefu, mlango ukagongwa.

Baldomero. Poncho imelowa. Mikononi gunia, na gunia linapiga teke.

Sikumkaribisha. Nilisahau kumkaribisha. Alisimama kizingitini, maji yakimtiririka kofiani, akasema kama mtu aliyejifunza maneno njia nzima:

"Nimefikiri, Mwalimu. Umenirudishia sahani mapema kwa kuwa huna wa kuchinja. Sasa unaye." Akafungua mdomo wa gunia. Pua ya waridi ikatoka, ikanusa baridi ya nyumba yangu, ikarudi ndani. "Mwakani siku kama hizi atakuwa mkubwa. Utaniletea yoko yangu. Mimi nitakuja kushika miguu."

Sikuwa na neno. Mimi! Nilitafuta hoja, nikakuta nyumba tupu. Akaniuliza kama nguruwe naye haruhusiwi, au ni kuni peke yake. Nikasema ni kuni peke yake. Akacheka. Sikuwahi kusikia kicheko chake tangu mazishi. Akaingia, tukakitengenezea kitoto kitanda cha nguo za zamani, tukanywa chai mrija mmoja, na hatukuzungumza habari yoyote ya maana. Alipokuwa akiondoka nilimshika mkono mlangoni, nikaushika muda mrefu kuliko yeye alivyoushika wa Herminda kanisani. Evaristo alikuwa anapita na kodiani yake kwenda kwenye sherehe. Akaona. Na aone!

Kitoto cha nguruwe kimelala juu ya miguu yangu ninapoandika. Ni cha moto ajabu. Sijavua koti, lakini nimefungua vifungo.

Jumanne, 25 Juni

"Wasikilizaji, nasahihisha kosa langu. Nilisema wanawake wa hapa majira ya baridi hutafuta kuni. Nimeona jana kwa macho yangu mawili: wako wanaokataa kuni hadharani, wakapokea nguruwe mlangoni."

Evaristo Cárcamo. Asubuhi ya leo. Kati ya kivuko na vifo.

Nimetulia. Nimetulia kabisa. Nimevunja kikombe kimoja tu.

Hebu tufikiri. Nikibaki na nguruwe, Evaristo ameshinda: nilikuwa na bei, ilikuwa tu na miguu minne. Nikimrudisha nguruwe, nitamvunja moyo mtu aliyevuka mvua na gunia. Mtu wa kawaida angeona njia mbili. Mimi nimeona ya tatu. Nitamrudishia wawili! Watoto wawili wa nguruwe, wanono, wa soko la Castro, mlangoni kwake kesho kabla jua halijatua. Nani atasema nimenunuliwa, nikiwa nimelipa maradufu?

Nolfa alipita nikamweleza. Alikitazama kitoto kilicholala. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, si ya utani wake wa siku zote:

"Wifi, mtu amekuletea mwaka mzima ndani ya gunia. Wewe unataka kubishana na redio."

Nikamwambia amesema vizuri lakini hajatoa hoja. Akashika kichwa. Akaniuliza baada ya hao wawili, Baldomero akinirudishia wanne, je? Nikamwambia basi nitajua ananipenda, na nitapanga vingine.

Kivuko cha kwanza ni alfajiri. Gunia ninalo. Koti limekauka upande mmoja.

Wifi Nolfa, najua utayasoma haya kabla sijafika gatini, kwa hiyo sikuzungushii. Kipe kitoto maziwa ya uvuguvugu, si ya moto. Zima redio. Herminda akija na mkate, upokee, na yeye mwache nje. Baldomero akipita, usimwambie nilikokwenda wala ninachonunua. Mwambie aingie, akae, anisubiri, asiondoke hata nikichelewa. Na akiwa amebeba kuni, usizipokee. Mwonyeshe tu pa kuziweka: nyuma ya mlango, upande wa ndani, mvua isizifikie.